Nafasi Niliyoiacha Juu ya Karatasi

Mercy, bintiye Felista, alinipigia simu asubuhi nikiwa nachambua mchele. "Anti Penina, mama ametuacha," akasema, na kabla sijapata neno la kumpa pole akaongeza kwamba kungekuwa na mkutano wa matanga Jumamosi mchana, nyumbani kwao Kabiria, na familia ingependa nizungumze kwa niaba ya marafiki wa ujanani. "Mama alikuwa akisema ni wewe mlianza na yeye maisha hapa Nairobi." Nikamwambia nitakuja. Simu ikakatika, nami nikaendelea kuchambua mchele ule ule niliokuwa nimeshauchambua, mpaka mume wangu akauliza kwani leo kuna mawe mangapi humo. Nilitaka kulia nikashindwa, maana kulia niliona ni kujipa haki nisiyokuwa nayo. Mimi naishi mtaa wa Satellite. Kutoka kwangu hadi Kabiria ni mwendo mfupi wa miguu, na kwa miaka thelathini na kitu nimekuwa nikizunguka njia ndefu ili nisipite pale. Majirani hudhani nafanya mazoezi.

Mwaka ninaotaka kuusema nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mimi na Felista Nekesa tulikuwa tumepanga chumba kimoja hapa hapa Satellite, katika ploti ya vyumba vilivyotazamana, choo kimoja na bomba moja katikati. Tulikigawa chumba kwa shuka la maua lililoning'inia kwenye kamba. Upande wangu kulikuwa na kitanda, sanduku na kioo. Upande wake kulikuwa na kitanda, stovu ya mafuta ya taa, na cherehani ya mkono aliyoibeba kichwani kila asubuhi hadi kiwanja cha Kabiria na kuirudisha jioni, kwa sababu hakumwamini mlinzi wa pale hata kidogo. Yeye ndiye aliyejua kupika. Alipika mrenda, mimi nikalalamika kwamba mboga gani hii inateleza kabla hujaitafuna, naye akanijibu, "Wee mtu wa kuponda ponda kila kitu, nyamaza ukule," maana Jumapili zamu yangu ilipofika nilipika mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa, na sikujua kingine. Mimi nilijua kupiga taipu. Nilimchapia barua za kwao kwenye mashine ya ofisini, mashine iliyokuwa na ugonjwa mmoja: herufi a ilikuwa ikiruka juu ya mstari. Felista aliipenda sana ile a. Alisema barua zake zinachekesha hata zikiwa na habari mbaya. Tulikuwa na furaha katika chumba kile, na nalisema hili mapema kwa sababu mbele halitakuwa rahisi kuliamini.

Kiwanja cha Kabiria kilikuwa cha umma. Kilitengewa soko na zahanati, kila mtu alijua hivyo. Zahanati haikujengwa, lakini wanawake walikuwa wamejianzishia soko wenyewe: vibanda vya mbao na nailoni, viazi, dagaa wa omena, mitumba, na Felista karibu na lango akikunja suruali na kubadilisha zipu. Walimfanya mwenyekiti wao kwa sababu hakuogopa mtu na alijua kusoma. Mimi nilikuwa karani wa diwani wa eneo letu. Tulimwita Mheshimiwa, na nitaliacha hapo. Alishakufa, ana wajukuu, na isitoshe aibu ninayoieleza hapa ni yangu. Alikuwa na ofisi yake binafsi mjini, upande wa River Road, ghorofa ya tatu juu ya duka la redio, kwa hiyo tulifanya siasa mchana kutwa tukisikiliza rumba na matangazo ya vifo. Nilipenda kazi ile. Watu walipanda ngazi wakihema, wakanikuta mimi kwanza, wakaniita madam.

Mwanzoni mambo yalikuwa safi, na naomba niaminiwe kwa hili japo sistahili kuaminiwa kwa mengi. Tajiri mmoja alitokea na barua ya kugawiwa kiwanja chote. Mheshimiwa akaniambia, kwa uso wa mtu aliyekosa usingizi, kwamba tukipigana naye mahakamani tutapoteza kila kitu, lakini yeye anaweza kumbembeleza aache nusu, na ile nusu ijengewe paa, choo na maji. Nikalibeba neno hilo hadi nyumbani. Felista alikuwa akikwangua sufuria ya ugali. "Na huyo mtu alipewa kiwanja na nani?" akauliza. Nikamwambia sijui, na hata tukijua tutafanya nini. "Tuwe wakweli, Felista," nikasema. Nilikuwa nimelisikia neno hilo kwa Mheshimiwa wiki ile ile, na likanipendeza mdomoni. Felista akaiweka sufuria chini. Halafu akasema kitu ambacho sikukitarajia: "Nusu nitachukua. Siipendi, lakini nitachukua. Lakini wamama waambiwe yote. Anayekubali asimame huku, asiyekubali asimame kule, tuonane macho." Watu wanaomkumbuka humsifu kwamba alikuwa mgumu kama jiwe, hakukubali kitu. Si kweli hata kidogo. Alikuwa tayari kupoteza nusu ya kiwanja, na alijua hata vibanda vya nani vitavunjwa, maana alikaa akavitaja kimoja kimoja, na cha kwake kikiwemo.

Ijumaa moja Mheshimiwa akanichukua Kenyatta Market kwa chakula cha mchana pamoja na yule tajiri, eti niandike maneno muhimu. Wasichana wa saluni walinivuta mkono njia nzima, "Madam, kuja nikusuke," nami nikijiona mtu. Nyama ililetwa juu ya ubao, mbavu za mbuzi, rundo la chumvi pembeni, kachumbari na ugali. Wale wanaume walizungumza mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti. "Nusu haiwezekani," tajiri akasema akitafuna. "Benki haitaki kusikia mambo ya nusu." Mheshimiwa akafuta vidole. "Basi chukua yote. Hao tutawasukuma kule chini, kando ya mto. Kwa muda." Tajiri akauliza, na wakikataa? "Watakataa aje na hatujawauliza?" Wakacheka wote wawili. Kisha akanigeukia. "Penina, Jumapili kwa ule mkutano utachukua mahudhurio. Kwa ile karatasi acha nafasi juu. Vidole vinne hivi." Nikauliza, "Ya nini, Mheshimiwa?" Akanisogezea ubavu mmoja, ule wenye mafuta. "Kula, msichana wangu. Kuna nafasi ya ukarani serikalini nimekutajia jina. Ya kudumu. Wewe ni mtu mwerevu, hatutaki upotelee kwangu."

Nilielewa. Kwa miaka mingi nimejaribu kujikumbuka kama msichana mshamba aliyezungukwa na wakubwa, lakini kumbukumbu inakataa. Nilielewa pale pale, mafuta yakiwa mkononi. Nikala. Nyama iliyobaki nikaomba nifungiwe kwa karatasi ya kaki, nikampelekea Felista, naye akala kwa furaha, akavunja mifupa, akanyonya. "Aki leo Mheshimiwa amekumbuka maskini," akasema. Nikamwambia ndiyo, amekukumbuka. Alinibakishia kipande cha mwisho, na nilipokataa akasema siku hizi najifanya mdogo wa tumbo kama watu wa ofisi. Mpaka leo mume wangu hushangaa kwa nini tukienda Kenyatta Market mimi huagiza chai.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya kanisa, pale pale kiwanjani. Mchungaji akaomba. Mheshimiwa akazungumza kwa muda mrefu juu ya maendeleo, subira na umoja wa akina mama, na hakusema kitu. Hakuna aliyeambiwa asimame huku wala kule. Felista aliinua mkono. "Mheshimiwa, na ile nusu?" Akajibiwa kwamba mazungumzo yanaendelea na atarudi kwao. Halafu ikaja zamu yangu. Nani asiyejua mambo ya mahudhurio? Ukifika mkutanoni unaandika jina, unapewa soda na nusu mkate. Tunaandika majina kanisani, kliniki, kwenye chama, matangani. Sijawahi kuona mtu wetu akiuliza karatasi ya mahudhurio itaenda wapi. Hata mimi sijawahi kuuliza. Felista aliniona nimezidiwa na umati, akaja kunisaidia. Aliandika jina lake la kwanza kabisa, sahihi kubwa yenye mkia, chini tu ya ile nafasi niliyoiacha. Kisha akaanza kuwaita wale wasiojua kuandika. Alishika kidole gumba cha kila mmoja, akakibonyeza kwenye pedi ya wino, akakibonyeza kwenye karatasi, akakipangusa kwa kipande cha kitambaa cha suti alichokuwa nacho mfukoni. Mama Atieno, aliyeuza omena, alicheka sana. "Felista, unanishika kidole kama unanivisha pete!" Kila mtu akacheka. Mimi nilicheka pia. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika ile pedi.

Jumatatu asubuhi niliirudisha karatasi ile kwenye mashine na kuchapa katika nafasi ya juu: kwamba sisi wafanyabiashara wa kiwanja cha Kabiria, baada ya kushauriana, tumekubali kwa hiari yetu kuhamia sehemu mpya, na kwamba hatuna pingamizi. Maneno yaliingia sawasawa katika vidole vinne, bila kubana. Nakumbuka niliitazama kazi yangu na kuiona nzuri. Na nilikuwa na sababu zangu, tena za kutosha! Kwamba nisipochapa mimi atachapa mwingine. Kwamba kiwanja kilikuwa kimekwenda tangu zamani na karatasi haitabadili kitu. Kwamba nikiwa ndani ya serikali nitawafaa zaidi kuliko nikiwa nje nalia nao. Kila sababu ilikuwa na ukweli kidogo ndani yake, na hilo ndilo lililonipa usingizi.

Mabati yalipoanza kuzungushwa kiwanjani, wanawake walikuja mjini. Niliwasikia kwenye ngazi kabla sijawaona. Mheshimiwa hakuinua hata sauti. Alifungua faili, akatoa karatasi, akamkabidhi Felista. "Mwenyekiti, hii si sahihi yako?" Felista akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kidole kikafika mahali kikasimama, na nikajua kimesimama wapi, maana kwenye mstari ule kulikuwa na herufi a nyingi, zote zikiruka. Akaniangalia mara moja. Mimi nikaingiza karatasi kwenye mashine nikaanza kuchapa kwa kasi, kama mtu mwenye kazi nyingi. Nilichapa alfabeti, mwanzo hadi mwisho, halafu tena. "Ni sahihi yangu," Felista akasema.

Waliomgeukia hawakuwa wabaya. Wangefikiri nini? Kalamu ilikuwa yake, vidole alivishika yeye. Kanisani benchi lake likabaki na yeye peke yake. Jumapili moja alasiri walikuja chumbani kwetu, watano au sita, nami nilikuwa nyuma ya lile shuka la maua nimejilaza, eti naumwa kichwa. Nilisikia yote. Nilimsikia Mama Atieno akisema kwa sauti ya chini, sauti ya kuchoka, "Felista, kidole changu ulishika wewe." Nikamsikia mwingine akiuliza, "Na huyu mwenzako wa taipu?" "Penina ni karani tu," Felista akasema. "Anaandika vile ameambiwa. Msimtaje." Walipoondoka, stovu ikawashwa, kikombe kikagonga kikombe. "Chai iko kwa thermos," akasema, bila kuniita jina. Nikatoka. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano, akaniuliza akiwa ameinamia ule uzi, "Ulijua?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu pa kuchagua. Kwenye nyama nilikuwa na wakubwa, kwenye taipu nilikuwa na kazi, lakini pale tulikuwa wawili tu na thermos. Ningesema ndiyo, angenitusi, labda angenipiga, na kesho yake wanawake wangejua kwamba si yeye. Nikasema, "Sikujua." Akakata uzi kwa meno. "Sawa," akasema. Hakuuliza tena, siku ile wala siku nyingine. Baada ya miezi miwili kazi yangu ya serikalini ilitoka nikahama chumba. Alinisaidia kubeba sanduku hadi barabarani.

Nilifanya kazi ile hadi nikastaafu. Nilipata hata nafasi ya kuwafaa, kama nilivyojiahidi: niliwasumbua wahandisi mpaka bomba moja la maji likafika kule kando ya mto walikosukumwa. Bomba moja! Nimelisimulia bomba lile kwa vijana wengi ofisini, wale waliokuja na hasira wakitaka kila kitu leo leo. Nilikuwa nawaambia siasa ni kupata unachoweza kupata, tuwe wakweli, mimi mwenyewe niliwahi kuwapatia watu maji kwa njia hiyo. Waliniheshimu. Waliona mama aliyeijua dunia. Na pengine maneno yale si ya uongo. Felista mwenyewe alikuwa tayari kuchukua nusu. Ila yeye aliitaka ile nusu mchana, mbele ya watu wanaosimama huku na kule, na mimi nilikuwa nimeshawaamulia watu moyoni kwamba hawana la kufanya, halafu nikauita uamuzi huo kuijua dunia. Nilichelewa sana kuona tofauti hiyo. Au niliiona mapema nikaizunguka, kama ninavyozunguka ile barabara.

Jumamosi nilivaa vizuri, nikapita njia fupi. Pale kilipokuwa kiwanja pana maghorofa, nguo zimeanikwa hadi juu, na chini duka la dawa. Nyumbani kwa Felista kulikuwa na hema, viti vya plastiki na chai. Nilikuwa na hotuba yangu kwenye mkoba, kurasa mbili safi: mrenda, cherehani, ucheshi wake. Niliketishwa mbele, na aliyeketi kiti cha pili alikuwa Mama Atieno, mzee sasa, macho yenye ukungu, mikono juu ya fimbo. "Penina wa taipu," akasema, akanishika mkono kwa muda. "Umenona." Wanawake walikuwa wengi. Mercy alinieleza kwamba walirudi kwa mama yake zamani sana, mmoja mmoja, na akawa mwenyekiti wao mpaka siku alipolazwa. Nikauliza kama aliwahi kuwaeleza mambo ya kiwanja. "Mambo gani?" Mercy akauliza.

Kisha Mercy, ambaye ndiye karani wa chama chao sasa, akanipa daftari la mahudhurio. Lilikuwa na safu tatu: jina, unakotoka, sahihi. Lakini juu kabisa ya ukurasa, kutoka ukingo hadi ukingo, bila kuacha hata nafasi ya kidole kimoja, kulikuwa kumeandikwa kwa herufi kubwa: TUMEHUDHURIA TU. HATUJAPITISHA NENO LOLOTE. Nikafungua ukurasa wa nyuma, kulikuwa vile vile. Na wa nyuma yake. "Ah, hiyo," Mercy akasema akitabasamu, "hiyo ni kitu ya mama. Alisema karatasi isipewe mtu kama haijaandikwa hivyo juu. Hata kwa harusi yangu waliandika. Wageni wa bwana walicheka! Hatujui alitoa wapi, sisi tunafuata tu." Akanipa kalamu.

Nikaishika. Nikajiambia, tuwe wakweli, Penina, matangani si mahali pake. Mtoto amefiwa, wazee wamesamehe, mambo ya zamani yatamfaa nani. Nikaisikia sauti ile ikiongea ndani yangu, laini, yenye busara, na nikaitambua. Ilikuwa ndiyo ile ile, haikuzeeka hata siku moja. Nikaandika, na sikuandika katika safu. Niliandika kukata safu zote tatu, mpaka Mama Atieno akachoka kungoja. "Kwani Penina anaandika barua?" akauliza. "Mercy, hebu nisomee. Macho yangu hayaoni, na hata yangeona."

Mercy akaniangalia. "Msomee," nikasema.

Akachukua daftari, akaanza kwa sauti ya kawaida, sauti ya kusoma majina. "Mimi Penina Wairimu ndiye niliyechapa ile barua ya kiwanja juu ya sahihi na vidole vyenu. Felista aliwashika vidole..." Akasita. Nikamwambia amalize. "Felista aliwashika vidole akidhani ni mahudhurio. Hakujua. Aliniuliza kama nilijua, nikasema hapana. Nilijua."

Mama Atieno hakunigeukia. Aliondoa mkono wake wa kulia kwenye fimbo, akakisugua kile kidole gumba kwenye sketi yake, taratibu, kama mtu anayepangusa kitu.

"Soma tena," akamwambia Mercy. "Na upaze sauti."